Rimoti ya Bibi Harusi

Mwaka ule Lushoto kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeaminiwa kupiga picha za harusi, na mtu huyo, Perpetua, ndiye aliyekuwa anaolewa Jumamosi.

Studio yake ilikuwa karibu na soko. Ilikuwa ile miaka simu za mkononi zilipoanza kupanda mlima, na maduka ya huko chini yalijaa vitu kutoka Dubai ambavyo mtu hakujua kama anavihitaji mpaka avione. Perpetua naye alikuwa ameweka kando kamera yake ya mkanda akanunua ya dijitali kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Aliipenda mno. Mchumba wake, Elinuru, Mpare aliyekuwa dereva wa lori la mboga, alizoea kusema kwamba amekubali kuwa wa pili.

"Mwachie Timotheo atupige," Elinuru alimshauri.

"Timotheo anakata watu vichwa."

"Basi Salimu."

"Salimu anakata miguu."

"Tuwachukue wote wawili. Salimu apige juu, Timotheo apige chini, halafu tuunganishe."

Perpetua alicheka mpaka akashika meza, lakini kamera hakumpa mtu. Kamera yenyewe iliweza kusubiri kidogo kisha ikajipiga, kwa hiyo wakafanya mazoezi nyuma ya studio. Alijifunga shuka kiunoni mahali pa gauni, akabonyeza, akakimbia kwenda kusimama kando ya Elinuru. Picha ya kwanza ilionyesha mgongo wake. Ya pili ilimwonyesha Elinuru peke yake, ameinama kumwokota mtu asiyeonekana. Katika ya tatu wote wawili walikuwa chini, na kilichoonekana vizuri ni soli za viatu.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," alisema Elinuru.

"Mama akiiona hii, harusi hakuna."

Ndipo Perpetua alipokumbuka kwamba Mholanzi alikuwa na kidude cha kupigia picha kwa mbali, rimoti, ambacho aliondoka nacho. Kesho yake asubuhi akapanda lori la Elinuru, wakateremka Mombo na shehena ya kabichi. Njia nzima walicheka, wakati mwingine bila sababu. Walipofika Soni joto lilianza, wakavua masweta. Kufika Mombo walikuwa wamelowa jasho na bado wanacheka.

Duka la Bi Hawa lilitazamana na barabara kuu, pale mabasi ya Moshi yanaposimama abiria wapate kununua maji na machungwa. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mtulivu, amekaa katikati ya redio, saa za ukutani na chaja.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja, wakatazamana, wakaanza tena kucheka.

"Marahaba, wanangu. Mnaoana lini?"

"Umejuaje, mama?"

"Waliokwisha oana hawaingii dukani hivyo."

Perpetua akaeleza shida yake na kuiweka kamera juu ya meza ya kioo. Bi Hawa akainama chini ya meza, akapekua maboksi, akatoa vitu viwili. Kimoja kilikuwa kitufe chenye waya mfupi na ncha ya kuchomeka ubavuni mwa kamera. Cha pili kilikuwa kidogo kama pipi, hakina waya wowote.

"Hiki cha pili unakielekeza tu kama rimoti ya televisheni," alisema Bi Hawa. "Chagueni wenyewe, mimi yangu macho."

Elinuru alikuwa ameshakichukua kile kisicho na waya. Akabonyeza, kamera ikalia. Akabonyeza tena akiwa nyuma ya friji, ikalia. Akampiga Bi Hawa akiwa anapiga miayo. Akampiga Perpetua akiwa anajaribu kumnyang'anya.

"Ni hiki," alisema. "Tusijisumbue na waya, sisi si mbuzi."

"Twende nje kwanza," alisema Perpetua. "Harusi haifungwi ndani ya duka."

Nje jua la Mombo lilikuwa limewaka sawasawa. Elinuru alisimama kando ya lori akabonyeza, na kamera ikakaa kimya. Akasogea mbele, ikakaa kimya. Aliponyoosha mkono wote kama mtu anayefukuza kunguru, na pua yake imekaribia kuigusa, ndipo ikakubali. Perpetua akamwonyesha picha hiyo: kiganja kikubwa, na nyuma yake jicho moja.

"Jua linakishinda," alisema Bi Hawa kutoka mlangoni. "Na lazima kitazamane na kamera uso kwa uso."

"Mimi sitaki kuonekana kwenye picha ya harusi nikiinyooshea kamera mkono," alisema Perpetua. "Nataka mikono yangu ishike maua." Akashika mkono wa Elinuru. "Maua. Eli, kitufe kikae ndani ya maua."

Basi wakachagua cha waya. Uzuri wake ulikuwa kwamba hakijali jua wala hakijali kinatazama wapi. Ubaya wake ulikuwa ufupi: mtu akikishika, hawezi kuachana na kamera zaidi ya urefu wa mkono. Bi Hawa akawaelekeza kwa Rashidi, fundi redio wa mlango wa pili.

Rashidi aliukata ule waya huku Perpetua amefumba macho. Akaunganisha waya mwingine mrefu, akafunga gundi ya plastiki, akachomeka kwenye kamera. Hakuna aliyegusa kitufe, lakini kamera ikaanza kupiga yenyewe, picha juu ya picha, bila kupumua. Ikapiga dari, ikapiga redio zilizofumuliwa, na Perpetua alipoikamata na kukimbilia nayo nje, ikapiga basi, muuza machungwa na abiria waliotoa vichwa dirishani. Elinuru alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti, hawezi kusema kwa kicheko.

"Ichomoeni," aliita Rashidi. Alipofungua pale alipounganisha, naye akaanza kutabasamu. "Nyaya zimegusana. Kamera inadhani mmebonyeza na hamtaki kuachia."

Akazitenganisha, akaziviringisha upya kila moja peke yake. Mara hii Perpetua alisimama mbali, karibu na mti wa mwarobaini, akabonyeza. Kamera ikalia mara moja, kwa adabu.

Jumamosi, baada ya ibada, watu walikusanyika nyumbani kwa kina Perpetua, kwenye uwanja wenye majani mafupi na milima nyuma yake. Kamera iliwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Waya ulipita kwenye majani, ukaingia chini ya gauni, ukatokea mkononi, na kitufe kikazama ndani ya shada la mayungiyungi. Aliyejua ni bwana harusi tu, na alikuwa anaumia mbavu kwa kujizuia.

Mama yake Perpetua, Secilia, alikuwa na tabia moja mbele ya kamera: alikauka. Mpiga picha akisema tayari, uso wake ulifungwa kama duka siku ya mazishi, na katika picha zote za ukoo alionekana kama mtu anayesubiri hukumu. Sasa alisimama kulia kwa binti yake, ameshajiandaa kukauka, lakini nyuma ya kamera hapakuwa na mtu.

"Mpiga picha yuko wapi?" aliuliza.

"Anakuja, mama," alisema Perpetua, akabonyeza.

Wakasubiri. Baba mdogo, Kornelio, ambaye viatu vyake vipya vilimbana, alivua kimoja akapunga vidole hewani. Perpetua akabonyeza. Secilia aliona hivyo vidole, akasema, "Kornelio, umekuja harusini au umekuja kuanika miguu?" Kisha mwenyewe akacheka, kicheko kikubwa cha kutupa kichwa nyuma, na kumshika mkwe wake bega asianguke. Perpetua akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza.

"Haya, tumemaliza," alisema.

"Tumemaliza nini?" aliuliza Secilia. "Mpiga picha hajafika."

Perpetua akafungua maua, akamwonyesha kitufe. Watu wakasogea, wengine wakauinua waya wakaufuata hadi kwenye stendi kana kwamba wanatafuta mtu aliyejificha. Kamera ikaletwa. Secilia aliutazama uso wake kwenye kioo kidogo kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Mbona mzuri hivi?"

"Ndivyo ulivyo," alisema Perpetua, na ni hapo tu siku hiyo machozi yalipomtoka, na hata hayo yalitoka akiwa anacheka.

Secilia akampokea shada, waya na vyote. Akaamuru kamera irudishwe kwenye stendi na watu wapange mstari. Aliwapiga Wapare waliotoka Same, akawapiga wanakwaya, akawapiga wapishi na miiko yao. Kila aliyejaribu kukaza uso aliambiwa kwamba kamera bado haijawashwa. Mara mbili alitumwa mtu kumwambia pilau inapoa, na mara mbili huyo mjumbe naye akapigwa picha.

Elinuru na Perpetua walikaa kwenye benchi wakila sahani moja. Pale uwanjani, bi mkubwa aliendelea kubonyeza mpaka kamera ikaandika kwamba imejaa, naye akageuka kumuuliza binti yake kama Mombo vinauzwa vidude vya kuiongezea nafasi.