Sigara ya Marehemu

Watu wa kijiji chetu hawapendi kuambiwa habari za sigara, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Huku kwetu, chini ya mlima Sumbing, ukitoka mlangoni unakanyaga tumbaku. Imeanikwa barabarani, imeanikwa juu ya mapaa, imeanikwa mpaka uwanja wa msikiti. Wazazi wangu mwenyewe walinisomesha uuguzi kwa tumbaku, na kila nikifungua mdomo pale zahanatini hakosekani mtu wa kuniita Bu, yaani Mama, na kunikumbusha.

"Bu Wening, hiyo sare nyeupe tumekununulia sisi, kwa moshi."

"Basi na sanda yako itanunuliwa kwa moshi huohuo," namjibu. Wanacheka, mambo yanaendelea. Ukitaka kufanya kazi hii kwa kununa, utabaki na viti vitupu.

Lakini Pak Ngadimo, yaani Bwana Ngadimo, siku moja hakuja kucheka. Alikaa mbele yangu akaweka mkono wa kulia juu ya meza, taratibu, kama kitu cha kuazima. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vya bluu. Nikavishika, baridi tupu.

"Vinaniuma mpaka nalia, Bu. Mwanamume mzima."

Ngadimo alikuwa mpiga kendang, ile ngoma ya kulaza, wa kundi la farasi wa mianzi. Asiyejua mchezo ule ataona ni ngoma tu. Vijana wanapanda farasi wa kusukwa, wanacheza, wanapandwa na pepo, wanatafuna vigae vya glasi. Kuwapandisha ni rahisi, hata mpigaji mbovu anaweza. Kazi ni kuwarudisha, na aliyekuwa akiwarudisha ni Ngadimo, kwa vidole vile. Aligonga, akapunguza, akagonga tena, na kijana aliyekuwa akinguruma chini alifumbua macho na kuomba maji. Baba yake, mzee tuliyemwita Mbah Sodikromo, ndiye aliyemfundisha, naye alifundishwa na babake.

Nikampeleka mjini kwa daktari wa mishipa. Jibu lilikuja kavu. Mishipa ya damu mikononi inaziba, na kinachoiziba ni sigara. Hakuna dawa itakayoifungua huku moshi unaendelea kuingia. Aache kabisa, kabisa, au vidole vikatwe. Na vikikatwa naye akaendelea, utafuata mkono wa kushoto, kisha miguu.

Basi tukaanza. Mimi sigombi na mgonjwa, atakayekwambia nagomba ananisingizia, ingawa mdomo wangu ninao. Nilimuuliza ya kwanza anavuta saa ngapi, na nani, mkono mwingine unafanya nini wakati huo. Akasema tatizo kubwa ni kwenye shughuli. Mwenye nyumba anawawekea wapigaji sahani ya sigara, na kuipitisha bila kuchukua ni sawa na kumtemea mate.

"Chukua," nikamwambia. "Shukuru, uipachike sikioni. Nani kasema lazima uiwashe?"

"Wataniona karani mwenye kalamu sikioni."

"Bora karani mwenye vidole."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Nikampa pipi za tangawizi za kumumunya, nikamwambia mikono ikimwasha atafute karanga za kumenya. Nikaenda mwenyewe kwa wenzake wa kundi nikawaomba wasimpulizie. Mkewe, Yu Sumirah, yaani Dada Sumirah, alikusanya visahani vyote vya majivu akapandia miche ya pilipili. Kila Ngadimo alipokuja zahanatini nilimuuliza swali lilelile, "Unavuta?" naye akajibu, "Sivuti, Bu," na vidole vikawa shahidi wake. Vilianza kupata joto, rangi ikarudi. Nilifurahi jamani, nikampigia daktari wa mjini kumtambia.

Ndipo akafariki Mbah Sodikromo. Mzee alikuwa na kikohozi cha kutikisa ukuta, na sigara ya karafuu ilimtoka mdomoni pamoja na roho. Nilikwenda kuzika. Sahani za sigara zilizunguka kama kawaida, Ngadimo akachukua moja, akaipachika sikioni, akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Nikajua huyu kashinda, maana aliyeshinda msibani ameshinda kila mahali.

Matanga hayajaisha vidole vikaanza tena. Safari hii havikuwa bluu tu, ncha ya kidole cha shahada ilikuwa na doa jeusi.

"Unavuta?"

"Sivuti, Bu."

Nilikuwa na kimashine kilichotoka wilayani, cha kupuliza. Mtu akipuliza kinaonyesha kama ana moshi kifuani. Akapuliza kwa moyo mmoja, wala hakusita. Namba ikapanda mpaka kwenye nyekundu.

"Pak Ngadimo, unavuta."

"Wallahi sivuti."

"Mashine haina ugomvi na wewe. Kwa nini ikusingizie?"

Akavuta pumzi. "Bu Wening, nimemzika baba yangu juzi tu. Unadhani nitaapa uongo, na kaburi bado bichi?"

"Nadhani vidole vyako vinaoza, na wewe unanichezea."

Alinyanyuka, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga. Mtu wa kwetu asipoaga, ujue umemtukana. Nami nilikuwa na hasira, nikasema shauri yake, mimi nimefanya yangu. Wagonjwa waongo nimewaona wengi. Hakurudi tena zahanatini.

Nilikutana na Yu Sumirah sokoni, kikapu mkononi, macho yamemvimba.

"Kidole kimekuwa cheusi, Bu. Na cha pili kinafuata. Harufu naisikia nikimpakulia chakula."

"Anavuta, Yu. Niambie tu ukweli."

"Ndani ya nyumba yangu? Hata moja! Ningemvunja meno." Akaanza kulia palepale mbele ya muuza samaki. "Umemwita mwongo. Mume wangu ana mabaya yake, lakini mwongo si yeye."

Maneno yale yalinikaa. Alasiri ileile nikapanda kwao bila taarifa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka vibarazani, nguo haikauki, tumbaku haikauki, kila kitu kinanata. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni, juu ya meza ndogo, kulikuwa na picha ya Mbah Sodikromo, kikombe cha kahawa isiyo na sukari, wali, tempe ya soya ya kukaanga, na sigara ya karafuu kwenye kisosi. Ngadimo amechuchumaa mbele yake. Sigara ilikuwa imezimika. Akaichukua, akaitia mdomoni, akaiwasha, akapiga pafu mbili tatu za nguvu mpaka mashavu yakaingia ndani, ncha ikawa nyekundu. Akairudisha kwenye kisosi kwa adabu. Moshi ukamtoka puani. Haikupita muda ukungu ukaizima, naye akaichukua tena.

"Pak Ngadimo!"

Akageuka, wala hakushtuka. Hakuificha. "Karibu, Bu. Nampa baba, Bapak wangu, sigara yake."

"Hiyo iliyo mdomoni mwako ni nini?"

"Si yangu hii. Ni ya Bapak."

"Na moshi umeingia kifuani mwa nani?"

Akanitazama kama nimemuuliza jambo la aibu. Yu Sumirah alitokea jikoni na sinia la chai, akasimama palepale. Ni yeye aliyenijibu, kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni.

"Ni mpaka arobaini tu, Bu. Anayewasha ni mtoto mkubwa wa kiume. Ikizimika kabla ya kwisha, maana yake mzee hajapokea, ndiyo maana anaishikiashikia. Na huu ukungu nao!"

"Moja kwa siku?"

"Kama alivyozoea mwenyewe marehemu."

Na marehemu, kijiji kizima kinajua, alikuwa akiwasha mpya kwa kipande cha iliyotangulia.

Nikakaa kwenye mkeka. Mgeni nani, mimi? Mama yangu anamwekea marehemu baba sigara kila Alhamisi jioni, na mimi napita na ndoo yangu ya nguo bila hata kugeuza shingo. Hakuna mtu kwetu anayeiita ile kuvuta. Nilikuwa namuuliza, "Unavuta?" naye akinijibu kweli tupu. Nilijiona mjinga kuliko wajinga wote waliowahi kuvaa viatu vyeupe.

"Nisamehe, Pak. Hukunidanganya."

"Nilikwambia," akasema. Kisha akautazama mkono wake. Akaitazama sigara. Nikaona jambo linamwingia polepole usoni, na natamani nisingeliona. "Kwa hiyo ni Bapak?"

"Ni moshi, Pak Ngadimo. Haujui ni wa nani."

"Moshi wa Bapak."

Yu Sumirah aliweka sinia chini. Akaenda mezani, akaichukua ile sigara, akaichovya ndani ya kahawa ya marehemu. Ikalia chwi. Ngadimo akapiga ukelele kana kwamba amemwagiwa yeye.

"Sumirah! Unamfanyia hivyo Bapak?"

"Bapak ameshiba!" akafoka. "Ameshakula kidole, sasa anaanza cha pili. Mtoto wake mwenyewe! Ameshiba!"

Mimi ndiye niliyeomba chetezo. Tukaweka kaa la moto, ubani kidogo, na sigara mpya ikalazwa juu ya kaa, ikawaka yenyewe mpaka mwisho bila mdomo wa mtu. Nikamwambia, mzee amepokea, ona, haikubaki hata karatasi. Ngadimo akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hakuitia tena sigara mdomoni, na kile kimashine cha wilayani nacho kilikiri.

Lakini vidole vilikuwa vimekwisha kufa. Daktari wa mjini alivikata vyote viwili. Akatuambia mkono wa kushoto nao umeanza ubaridi, ila huo bado unaokoleka, na yote ni juu ya mwenyewe. Nilikuwepo Ngadimo alipoamka. Hakuuliza habari ya maumivu. Aliinua ule mkono uliofungwa bandeji, akagonga ukingo wa kitanda mara moja, akasikiliza.

"Sasa nani atawarudisha?" akaniuliza.

Niliushusha ule mkono taratibu juu ya mto.

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Vidole vilifungwa kitambaa cheupe, tukavipeleka makaburini asubuhi, kwa sababu mwenyewe alitaka vilale miguuni pa baba yake. Shimo lilikuwa dogo la kuchimbwa kwa jembe la bustani. Kundi zima la wacheza farasi walikuja, wamevaa vizuri, hawajui waweke wapi mikono yao. Baada ya dua, Kang Wagiman, yaani Kaka Wagiman, mpiga upatu wa kundi, rafiki yake tangu utotoni, akatoa sigara ya karafuu, akaiwasha, akaisimika kwenye kile kichuguu kama tunavyowafanyia wavutaji wote.

"Hivi navyo viliipenda," akasema. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Wagiman hakuwa na ubaya wowote.

Manyunyu yakaanza. Sigara ikafuka, ikazimika.

Kila mtu akamtazama Ngadimo. Sidhani kama kuna aliyekusudia, ni mazoea tu, mtoto mkubwa wa marehemu ni yeye. Wagiman akamnyooshea kiberiti.

"Washa, Kang. Ya Bapak, na ya vidole vyako. Moja tu."

Nilichokuwa nacho cha kumwambia nilikuwa nimekwisha kumwambia, na pale makaburini mimi nilikuwa mtu wa kuzika tu kama wengine. Yu Sumirah alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

Ngadimo akapiga magoti kwenye matope. Akaichomoa sigara kwa mkono wa kushoto, akaileta karibu na uso, karibu sana, nikaona pua yake inapanuka. Alikaa hivyo. Mvua ikamdondoka kofiani. Kisha akaigeuza, akaizamisha kwenye udongo kwa kidole gumba, akaisukuma chini mpaka haikuonekana tena.

"Bapak," akasema, kwa sauti ileile anayozungumza nayo kila siku, "moto tafuta mwenyewe huko. Mimi nimebaki na mkono mmoja."

Akajifuta udongo kwenye suruali, akashika njia ya nyumbani, na Wagiman akabaki amesimama na kiberiti chake.