Palizi ya Marehemu

Magugu hayangoji msiba uishe. Kufikia Julai kwekwe ilikuwa imekwishavuka vijia vya bustani za Norsborg, Uswidi, na kuingia kwenye kiploti cha Béata. Iliyapita maharage kwa kimo, na mbigili zilikuwa zimeanza kutoa maua. Béata aliketi kando kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akiyatazama. Jembe lilikuwa kibandani. Kwao Burundi mfiwa hainui jembe mpaka siku ya kuganduka, siku ya kuufunga msiba. Kuganduka kwa ajili ya mumewe, Vénant, kulimngoja kaka mkubwa wa marehemu, naye kaka alikuwa Bujumbura akingoja viza.

Josefin, mkaguzi wa chama cha bustani, alimpa pole. Kisha akamweleza taratibu, kwa Kiswidi chepesi, kwamba mbegu za mbigili hupeperukia kwa majirani. Kiploti kisipokuwa safi ifikapo Jumapili, atapewa mtu mwingine. Waliokuwa wakingoja walikuwa wengi.

Vénant alikuwa ametumikia shamba la mboga la watu kwa miaka tisa, nje ya mji, akipulizia dawa ya magugu. Hiki kiploti ndicho pekee alichokilima kwa ajili ya nyumba yake. Béata hakuwa tayari kukipoteza, wala hakuwa tayari kuvunja mwiko.

"Shemeji, acha nikupalilie mimi," alisema Valéry, mdogo wake Vénant.

"Wewe nawe umefiwa. Keti."

Ijumaa jioni Vénant akaja mwenyewe. Alipita getini na ovaroli yake ya kazi, bomba la dawa mgongoni, akamsalimia mkewe na kuuliza kwa nini maharage yamezongwa namna ile.

"Tuna msiba," alisema Béata. "Hatushiki jembe."

"Msiba ni wenu, Mama Maya. Mimi sijafiwa na mtu."

Béata aliipima hoja hiyo, akaona haina kasoro.

Vénant akaanzia pembeni, mkono mmoja ukipiga pampu, mwingine ukielekeza mpira. Alipulizia kama alivyokuwa akipulizia kazini, uso wazi, viganja wazi, suruali ikiloa magotini. Kifuniko cha bomba kilikuwa kinavuja, na dawa ilimtiririka mgongoni kama ilivyomtiririka alipokuwa hai. Alipopita, mbigili zilijikunja.

Harufu ikamleta Josefin. Alimtambua Vénant, maana alikuwa amepeleka maua mazishini.

"Hapa haturuhusu dawa," alimwambia. "Na hata panaporuhusiwa, lazima mtu asome kozi apate kibali. Unacho?"

"Sina."

"Barakoa? Glavu?"

"Sina."

"Sasa unapuliziaje?"

"Nilivyozoea, miaka tisa kule shambani. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Josefin aliutazama mgongo wa Vénant. Pale kitambaa kilipokuwa kimeoza, ngozi ilikuwa imenyauka kama jani. Akasema mambo ya shambani hayako chini ya chama cha bustani. Ya hapa yako, na bomba litoke leo hii.

Vénant akajaribu kulivua. Mikanda ilikuwa imeota ndani ya mabega, ngozi imefunika vifungo. Béata akavuta upande mmoja, Josefin upande wa pili, halikutoka.

"Basi libaki," Josefin aliamua. "Lakini ang'oe kwa mkono."

Aling'oa. Alishika kwekwe karibu na shina, akaufuata mzizi wake mweupe chini ya udongo mpaka mwisho, kwa kuwa kipande kikibaki huota upya. Béata alimwelekeza kutoka kitini.

"Nyuma yako hapo. Huo acha, ni mchicha."

"Hata kaburini sipumziki na amri zako."

"Umekufa, Baba Maya, hujapofuka."

Jumapili Josefin akakagua, akaridhika. Kiploti kilibaki cha Béata. Maharage yalipumua, na Béata alijua kwa hakika kwamba atayala mwaka huu na mwaka ujao.

Jumatatu jioni Valéry akapita akitoka kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ile ile ya kaka yake. Shamba lilimwita wiki moja baada ya mazishi, likampa bomba jipya. Vénant, aliyekuwa amechuchumaa kwenye mstari wa vitunguu, akainua kichwa.

"Wamekuuliza kibali?"

"Bado, kaka."

"Barakoa?"

"Wanasema zimeagizwa."

"Nami waliniambia hivyo."

Béata akammiminia Valéry chai. Valéry alipokaa, Vénant akamtazama, akatazama na mvuke wa birika ulikokuwa ukielekea.

"Hama hapo," alisema. "Upepo unatoka kwangu."

Valéry akahamisha kiti, akanywa chai yake. Asubuhi akaenda kazini.