Funguo Mbili za Nyumba ya Pamoja

Mimi hasira yangu iko karibu, watu wa Alunguli wananijua, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Nyumba ya Pamoja, makao ya yatima na shule yao, iliongozwa na komite: nusu Wakristo, nusu Waislamu. Lango lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa kwa Mama Euphrasie, upande wa misheni; wa pili kwa Mzee Abdoul, upande wa msikiti. Mtoto hakutolewa pale mpaka pande zote mbili zikubali. Waanzilishi walifikiri hivi: hawa wakivutana, mtoto atapona. Hawakufikiria siku watakapoelewana.

Jumapili iliyopita nilichaguliwa kupokea ufunguo wa Mama Euphrasie, maana amezeeka, macho hayaoni tena. Yatima wa nyumba ileile kuingia komite, wapi! Haijawahi kutokea. Nikavaa kikwembe kipya. Huyu mama ndiye aliyenilea, nami nilikuwa na jambo moja tu rohoni. Wakati wa vita, wenye bunduki walichukua wavulana wetu wakubwa wawabebee mizigo mpaka Kalima, na kaka yangu Rémy alikuwamo. Hawakurudi. Mama alituambia siku zote kwamba lango lilivunjwa. Nilitaka alitamke jina la Rémy mbele ya komite, angalau mara moja, nimlilie kaka yangu na watu wakinisikia.

Kwetu iko hivi: anayekabidhi ufunguo anasimama, anawataja watoto wote waliotoka mikononi mwake, na namna walivyotoka. Hakuna karatasi, ni mdomo tu. Akificha hata mmoja, ufunguo haupokelewi.

Mama akasimama, ameshika mgongo wa kiti. Akataja walioolewa, akataja waliokwenda kwa wajomba zao Kibombo. Kisha akaanza wale wa vita. Alipomtaja Rémy akaishia kwenye jina.

"Sema tu, Mama," nikamwambia. "Walivunja lango."

"Hawakuvunja, mutoto wangu. Tulifungua sisi."

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka, nikidhani uzee umemchanganya. Nikamgeukia Mzee Abdoul. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Walisema wasipopata wavulana watachoma nyumba na watoto wote ndani," Mama akaendelea. "Komite ikakaa. Tukainua mikono, sisi wote. Wale wenye wajomba tukawaficha juu ya plafon ya shule, kule darini. Tukatoa wale wenye hawakukuwa na muntu wa kuja kuwaulizia."

"Na wewe, Mzee?"

"Nilileta ufunguo wangu," Abdoul akajibu. "Mungu anisamehe. Ungekuwa wewe, Mwavita, ungefanya nini?"

"Usiniulize mimi!" Nilisimama, kiti kikaanguka. "Mlikuwa watu wazima, mmevaa kanzu, mmevaa misalaba! Tuliwaamini ninyi kuliko lango!"

Hakuna aliyethubutu kunishika mkono.

"Rémy alikuwa na mtu," nikamwambia Mama. "Alikuwa na mimi."

"Ulikuwa mudogo. Ungemuulizia kwa nani?"

"Kwako! Kila asubuhi! Unanisuka nywele, ninakuuliza Rémy anarudi lini, unaniambia omba Mungu, binti yangu, njiani atakuwa. Umesahau?"

Nilitaka akane. Jamani, angekana hata kwa uongo, ningeupokea.

"Sijasahau," akasema. "Njo maana nilikutoa kwenye bweni nikakulaza chumbani kwangu. Ulikuwa unauliza sana. Watoto wengine walianza kukusikia."

Basi. Miaka yote ile niliringa mbele ya wenzangu kwamba mimi ndimi niliyependwa. Kitanda kile, uji wa sukari, nywele kusukwa, vyote vilikuwa vya kuniziba mdomo. Sikujua nimlilie Rémy kwanza au nijililie mimi mwenyewe.

Mzee Abdoul akauliza kwa sauti ya chini kama ninapokea ufunguo, kwa kuwa Mama hakuficha. Mama akanyoosha mkono wenye ufunguo, lakini hakunipata, akaunyoosha upande ambao sikuwapo. Nikatoka, nikamwachia ufunguo mkononi.

Tangu utotoni nikiumizwa na mtu ninakimbilia kwa Mama, ninamsemea aliyeniumiza. Nikasimama barabarani, pikipiki zinanipigia honi, sijui nimsemee Mama Euphrasie kwa nani.