Kafi la Mama Mkwe

Kama si lile gari la usipa, wale dagaa wa ziwani, Egidi angepigwa na Sensei Rosina kama watu wote wanavyopigwa na walimu wao, akainama, akashukuru, akarudi zake Mkumbi na mkanda mweusi kiunoni. Lakini mjomba wake alipata lifti.

Twende taratibu. Egidi alikuwa na darasa la karate huko Mkumbi, kwenye uwanja wa saruji wanakoanikia kahawa. Msimu wa kahawa ukifika, darasa linahamia kwenye ngolo, yale mashimo ya mashamba ya mteremkoni, na watoto wanaruka tuta kwa tuta. Atakayetumbukia ndiye wa kufagia uwanja. Walimpenda kweli. Shida ni kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa na mkanda wa kahawia. Mzazi mmoja akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akauliza, "Huyu anayetufundishia watoto, yeye amemaliza?" Mwenyekiti akaamua: alete mkanda mweusi kabla shule hazijafunguliwa, la sivyo uwanja ubaki wa kahawa tu.

Wa kumpa mkanda huo alikuwa mtu mmoja pande zile zote: Sensei Rosina wa Ngumbo, kule ziwani. Na yeye hampi mtu mkanda kwa kumwangalia. Anapigana naye mwenyewe.

"Njoo na fimbo yako," alimwambia Egidi kwenye simu. "Uninyang'anye silaha yangu. Ukiweza, mkanda wako. Usipoweza, njia ya kurudi unaijua."

Sasa, huyo Sensei ana binti, Edina, fundi cherehani pale Mbinga mjini, na Edina na Egidi walishakubaliana mambo yao. Mpango ulikuwa mkanda kwanza, posa baadaye.

"Pigana na mama kwanza ndiyo unipose," Edina alimwonya, anakata uzi kwa meno. "Ukishaniposa hutaweza hata kumsogelea."

Maana kwao, posa ikishapokelewa, mama wa binti si mtu wa kumtazama usoni tena. Ukimwona njiani unaingia majanini. Huli mbele yake. Humgusi hata kwa bahati mbaya. Hali hiyo inakwisha siku atakayokukabidhi kitu kwa mkono wake mwenyewe, na wapo waliosubiri mpaka wakaota mvi.

Mjomba Bartholomayo, aliyekuwa mshenga, aliyajua yote haya. Lakini siku hiyo alikuwa sokoni Mbinga, gari la usipa linarudi ziwani tupu, dereva akamwambia panda mzee. Akapanda. Jioni akapiga simu, anacheka mpaka anakohoa.

"Mjomba! Nimemaliza! Wamepokea, na jogoo wamechinja!"

"Mjomba, si tulisema baada ya mtihani?"

"Lifti, mjomba! Mbele kwa dereva! Lifti kama ile inakataliwa?"

Ndivyo Egidi alivyojikuta anateremka Ngumbo asubuhi na fimbo begani, kwenda kumnyang'anya silaha mama mkwe wake. Mjomba alikuwa naye, anajutia kwa mdomo tu. Meshack, rafiki wa Egidi, alikuwa naye pia, amekuja kucheka.

"Ukikutana naye ghafla," mjomba alimfundisha njiani, "chuchumaa, kichwa chini, piga makofi ya heshima, polepole, viganja vikutane vizuri. Watu wa ziwani ndivyo wanavyosalimia wakwe. Usimtazame."

"Asipomtazama atapasuliwa kichwa," alisema Meshack.

"Apasuliwe. Lakini na adabu."

Walipotokea ufukweni, hata Meshack aliacha kucheka.

Wanafunzi wa Sensei Rosina walikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, wamejipanga safu, vijana kwa mabinti na akina mama kadhaa, nguo nyeupe zimewaganda mwilini. Kila mmoja kashika kafi, lilelile la kuendeshea mtumbwi. Sauti moja ikatoka, fupi, na makafi yote yakainuka pamoja. Yakashuka pamoja. Maji hayakuruka. Makafi yale yaliingia ziwani kama kisu kwenye siagi, yakatoka upande wa pili yakiwa yamegeuzwa, na ziwa likabaki limetulia, milima ya Malawi ng'ambo imejiweka ndani yake bila kukunjika. Egidi alijaribu kufikiria nguvu ya kupiga maji namna ile. Halafu akafikiria nguvu ya kutoyarusha. Ya pili ndiyo iliyomkausha mate.

"Osu," sauti ile ikasema, ile salamu ya karate, na wote wakatoka majini, wakainama, wakakaa mchangani kwa magoti.

Egidi akatazama chini upesi. Kwa hiyo alichokiona kwanza cha mama mkwe wake ni miguu. Miguu mifupi, mipana, vidole vimetawanyika na kushika mchanga kama vya mtu aliyezaliwa juu ya mtumbwi. Ilipokuwa inatembea haikuacha alama ya kisigino. Kivuli chake kilikuwa na kafi refu, jeusi kwa kuzeeka.

"Wewe ndiye wa Mkumbi?"

"Ndiyo, ma... Sensei."

"Unaongea na miguu yangu?"

Wanafunzi wakaguna kwa kicheko. Egidi akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti. Hakuinuka sawasawa.

"Basi anza," akasema Sensei.

Fimbo yake haikudumu. Alisikia upepo, kisha ganzi kwenye viganja, kisha fimbo ikaanguka majini, mbali, kama imeitwa. Hakuona kafi likija.

"Mtazame!" alipiga kelele Meshack.

"Usimtazame!" alipiga kelele mjomba.

Kafi likaja tena. Hapo Egidi akafanya kitu pekee alichokijua: akapisha njia. Alipisha kama unavyompisha mkwe njiani, mguu mmoja pembeni, bega likifuata, macho kwenye vidole vile vipana. Vidole vya kushoto vikikunja mchanga, kafi linatoka kulia. Kisigino kikigusa, linakuja la juu. Miguu yake ya ngolo ikaanza kuamka. Akaruka tuta lisilokuwepo, akatua, akaruka lingine. Kafi lilipita juu ya sikio lake, mbele ya tumbo, kati ya magoti, na kila lilipopita liliacha ubaridi, na kila mara alijua kabisa, bila kuambiwa, kwamba lingetaka lingempata.

Alichokiogopa si kupigwa. Alikiogopa kile alichokuwa anakisikia: pumzi ya yule mama. Ilikuwa pumzi ya mtu anayepepeta mchele. Mwanamke wa umri wa mama yake anamzungusha ufukwe mzima, na hata hajaanza kuhema.

"Unakimbia vizuri," Sensei akasema. "Lakini silaha ninayo bado."

Ni kweli. Ataichukuaje? Ukinyang'anya kafi, lazima ufike mkononi. Mkono ule haugusiki. Egidi akawaona watoto wake kule Mkumbi, wamekaa kandokando ya kahawa, wanamngoja. Akajikwaa.

Alipoinua kichwa kidogo, kafi lilikuwa limeshaondoka juu, linashuka katikati ya utosi wake, na mama mkwe yuko hapohapo mbele yake, ghafla, karibu kabisa.

Mwili wake ukafanya ulichofundishwa. Ukachuchumaa. Kichwa chini, macho yakafumba, mikono ikapanda mbele ya uso, na viganja vikakutana kwa makofi ya heshima.

Pah!

Ufukwe mzima ulisikia.

Egidi akafumbua macho. Kati ya viganja vyake kulikuwa na ubao wa kafi, unanukia samaki na ziwa, ncha yake imesimama kwenye nywele zake bila kugusa ngozi. Mpaka leo hajui kama yeye ndiye aliyelikamata au yule mama ndiye aliyelisimamisha. Meshack anaapa la kwanza. Mjomba anaapa la pili. Wanafunzi wa Ngumbo wakiulizwa wanatazama ziwani.

"Shikamoo, mama," Egidi akasema, kwa kuwa makofi yalishapigwa.

Kisha kafi likawa zito. Upande wa pili haukuwa na mkono tena.

"Marahaba," alisema Sensei Rosina. "Nimekukabidhi. Kwa mkono wangu. Watu wote wameona?"

Mjomba Bartholomayo akapiga kigelegele kama mwanamke, akajisahau, akakaa majini.

"Mkanda wako," Sensei akaendelea. "Lakini ulifumba macho. Watoto wako wasikuone ukifumba macho. Haya, inua uso."

Egidi akainua. Alimwona. Uso wa kawaida, wenye kovu dogo juu ya nyusi, na mwanya uleule wa Edina, na macho yaliyotulia hivi kwamba akajihisi kama lile ziwa lililopigwa bila kurushwa.

"Sasa twende nyumbani," mama akasema. "Utakula ugali na usipa. Utakaa mbele yangu."

Na hapo ndipo Egidi alipogeuka kuitazama njia ya kurudi Mkumbi.