Salamu ya Marehemu

Mama Jezi alifika kwenye mkutano wa wanachama wa klabu akiwa na hasira. Uwanja wa mpira wa katikati ya mji, ambao geti lake linatazamana na kibanda chake cha kushonea jezi, viongozi walitaka kuuhamishia nje ya mji, porini kabisa, ambako hata mbwa aliyepotea hapiti. Nani atamfuata huko na jezi iliyochanika bega? Watu watafika na magari yao, watatazama mpira, watageuza. Na hapa mjini patajengwa maduka ya vioo ambayo mlinzi wake hatamruhusu hata kuegesha cherehani mlangoni. Kibanda kikienda, na yeye amekwisha.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Aliingia ukumbini na suti yake inayometameta, akampungia mkono kama vile hakuna kilichoharibika. Mnafiki mkubwa!

Muuza magazeti alisimama akapinga. Kinyozi naye akapinga, tena kwa matusi mawili aliyoombwa ayafute akakataa katakata. Zamu ya Mama Jezi ilipofika, hakuremba.

"Mnataka uwanja usio na sisi maskini, semeni hivyo hivyo! Msituzungushe na habari za maegesho!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kila mtu aliona kwamba kura ikipigwa, hoja ya kuhamisha uwanja inazikwa palepale.

Shemeji akasimama. Hakubishana na mtu. Alianza kumsifu marehemu kaka yake, aliyekuwa mpiga ngoma wa timu, ambaye ndiye aliyewafundisha mashabiki salamu yao: mmoja akiita "Timu!", wote husimama, mikono miwili juu, na kujibu "Yetu!" Wamefanya hivyo miaka nenda rudi, hata usingizini wangeitikia. Sauti ilimtetemeka alipomtaja. Mama Jezi alijikuta machozi yanamlengalenga, na kwa dakika hiyo akamsamehe nusu ya maovu yake.

"Basi, wanaounga mkono hoja iliyo mbele yetu," Shemeji alisema chinichini, kisha akapaza sauti: "Timuuu!"

Ukumbi mzima ukasimama, mikono juu.

"Yetuuu!"

Kamera zikamulika.

"Ahsanteni sana. Wanachama wote wameunga mkono. Mkutano umefungwa."

Ilichukua muda watu kuelewa walichofanyiwa. Walipoelewa, viti vilianza kurushwa, lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa na wakubwa wanatoka kwa mlango wa nyuma. Mama Jezi alizunguka nje mbio, akamkuta Shemeji akiongea na waandishi wa habari.

"Umemlia kaka yako ili utuibie?"

"Shemeji, tulia kwanza," alimwambia kwa upole uliomchefua. "Picha zipo. Na wewe uko mstari wa mbele, mikono yote miwili juu. Isitoshe, nimekutafutia nafasi kule kwenye uwanja mpya. Familia hatutupani."

Kilichomuuma Mama Jezi zaidi ni kwamba alikuwa ameitikia kwa moyo wake wote. Akamkwida Shemeji kola ya suti kwa mikono yake yote miwili, vishikizo vikaruka.

"Mpiga picha!" aliita. "Njoo upige na hii! Hii ndiyo kura yangu!"