Kikohozi cha Kuku wa Mama Mkwe

Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe Nyaramba. Mama mkwe akaenda Sironga kumwangalia binti yake aliyejifungua, akaniachia kuku wake wote. "Nyanchera, nikirudi niwakute hivi hivi." Nilijua hapo ndipo angeona kama mwanawe ameoa mtu ama ameoa picha.

Mvua za mwezi wa nne zikaja na baridi yake, kuku wakaanza kukohoa. Mume wangu alikuwa kazini Kericho. Aliyejua dawa ya kuku ni baba mkwe, mzee Ratemo, na kwetu Wakisii baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana wake. Kuku nao walilala ndani kwangu.

Mzee alikuja akasimama uani, ameupa mlango mgongo, anatazama migomba.

"Mtoe mmoja nimsikie."

Nikamtoa tetea. Akanyamaza kabisa, akageuza shingo kama kuku mzima aliyesumbuliwa bure. Nikamrudisha ndani, akakohoa. Nikamtoa tena, kimya.

"Basi sikiliza wewe, uniambie anakohoaje."

"Anakohoa tu, tata."

"Tu gani? Kuna kideri, hicho sina dawa yake. Na kuna mafua, hayo nayaweza. Kohoa kama yeye."

Huyu ni mtu ambaye hata kupiga chafya mbele yake nilikuwa naona haya. Lakini nikamfikiria mama mkwe akirudi. Nikajificha nyuma ya mlango, nikakohoa: "Krr-kho."

"Rudia. Mwishoni anavuta pumzi?"

"Krr-kho-hiii."

Jirani yetu Bitutu alikuwa anapita na kuni kichwani. Akasimama. "Ratemo, kuku gani huyo mwenye sauti nene hivyo?"

"Ni mkamwana wangu. Wewe pita."

"Na yeye mtampa dawa?"

Niliona mabega ya mzee yakitikisika, lakini hakugeuka. "Shingo zao zimepinda?"

"Hapana, tata. Pua tu zinatoka maji."

"Hayo ni mafua."

Akaenda kukata mshubiri, akauweka chini pale uani. Nikauponda pamoja na pilipili kali, nikauloweka kwenye maji mpaka yakageuka rangi.

"Wafungie," mzee akasema. "Wakiona dimbwi la mvua, nani atakunywa uchungu?"

Nikawafungia. Walinitazama kwa chuki, wakakaa na kiu yao, mwisho wakanywa.

Mama mkwe aliporudi aliwakuta wanachakura chini ya migomba, vilemba vyekundu. Akawashika mmoja mmoja, akawapapasa vifua. Kisha akawatia kapuni, isipokuwa yule tetea.

"Huyu yuko karibu kutaga," akasema. "Aatamie hapa kwako. Vifaranga ni vyako."

Nikaenda kutafuta majani makavu ya kumtandikia.