Kushuka kwa Clem Prowse

Jumamosi moja ya mwisho wa Aprili, wazimamoto wa kujitolea wa kijiji cha Binsenloh waliegemeza ngazi kwenye mti mkubwa ulio mbele ya kanisa, wakaanza kuupunguza matawi. Miguu ya askari wa anga ilikuwa imefikia usawa wa paa la duka la mikate, na Reinhold, mkuu wa wazimamoto, alihofia kwamba kamba za parachuti zingenasa mtini kabla ya Pentekoste.

"Miaka sitini yuko njiani," alisema, huku akifuta msumeno, "halafu aje aning'inie hapa kama soksi iliyopeperushwa na upepo? Aibu itakuwa yetu."

Askari huyo alikuwa ameruka kutoka katika ndege ya mabomu iliyokuwa ikiwaka moto, usiku mmoja wa Machi mwaka 1944, na tangu hapo alikuwa akishuka. Wengine wanaoruka hutua baada ya dakika chache, yeye alichelewa. Wanakijiji walimzoea. Watoto waliujua upepo kwa kutazama anakoyumbia. Kampuni ya simu ilihamisha waya zake ili asizikanyage. Mvua ya mawe iliponyesha, watu walisimama madirishani wakasema, maskini yule, bado yuko nje. Baada ya vita kijiji kiliuliza wilayani kifanye nini, nayo wilaya ikajibu kwamba mtu aliye hewani si mkazi wa mahali popote, kwa hiyo hakuna ofisi inayohusika naye. Swali hilo halikuulizwa tena.

Irmtraud Kehl aliyatazama matawi yakianguka, kikapu chake cha mkate kikiwa magotini. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na hapakuwa na mtu wa makamo katika kijiji kile ambaye hakuwahi kusahihishwa naye. Aliishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, Ewald Kehl, mshona matandiko ya farasi. Miaka michache nyuma, askari aliposhuka kiasi cha kuonekana vizuri kwa darubini, Irmtraud alisoma jina lililoshonwa kifuani pake: PROWSE C. Kuanzia jina hilo aliutafuta uwanja ambako ndege iliondokea, kisha majina ya wote saba waliokuwa ndani, kisha jamaa zao mmoja mmoja. Alimpata mpwa wa rubani, mwuza maua huko Leeds. Alimpata mtoto wa mwonyesha njia, mzee sasa, ambaye hakuwahi kumwona baba yake. Mwisho alimpata Nola Prowse, dada yake huyo aliye hewani, katika nchi ya ngano kusini mwa Australia.

"Yu hai?" Nola aliuliza katika simu.

"Anashuka," alisema Irmtraud.

"Huyo ndiye Clem hasa. Kila siku wa mwisho kufika mezani." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Mama alimwekea sahani mpaka siku aliyokufa. Walituambia ametoweka. Hakufa, hakurudi, basi hatukujua tumlilie au tumgombeze. Amevaa nini?"

"Reinhold alipanda ngazi Januari, akamfunga skafu."

"Ya rangi gani?"

"Kijani."

"Haipendi kijani," alisema Nola. "Nakuja."

Jambo ambalo Irmtraud hakulisema siku ile ni lile la sauti. Askari yule alikuwa akivuma. Ulikuwa mvumo mzito, usiokatika, kama wa jokofu katika chumba cha jirani, na wanakijiji walilala nao na kuamka nao. Irmtraud alishuku kwamba ni maneno. Mtu anayeshuka polepole namna ile, aliwaza, hawezi kupiga kelele upesi. Shule ilipomuaga ilimpa mashine ya kanda iliyokuwa ikitumika kufundishia matamshi. Aliiweka darini, akaunasa mvumo huo majira baada ya majira, na majira ya baridi yaliyopita aliziharakisha kanda zote mpaka mvumo ukawa sauti ya kijana.

Kijana alikuwa akiwapigia kelele watu waliokuwa chini.

"Msimpige! Amenyoosha mikono! Wewe mwenye kofia ya posta, mwache! Hao wawili mmekwisha kuwaua, mwacheni huyo! Wewe mwenye aproni ya ngozi, weka uma wa nyasi chini! Huyo ni Alfie, ni mtoto tu, ni—"

Kanda iliishia hapo, kwa kuwa naye alikuwa hajamaliza.

Karibu na mlango wa kanisa palikuwa na jiwe ambalo kijiji kilikuwa kimelisimamisha kwa heshima, na kila Novemba kililiwekea shada. Jiwe lilisema kwamba wenzake sita wa askari huyo walikufa ndani ya ndege yao ilipoanguka. Watatu walikufa ndani ya ndege, hilo ni kweli. Watatu wengine walitua wazima kwa parachuti, kando ya ukuta wa makaburi, kabla ya yeye kufika.

Katika Binsenloh ya wakati ule aproni ya ngozi ilivaliwa na mtu mmoja tu, mshona matandiko. Irmtraud aliisikiliza kanda tena, akazima mashine, akashuka jikoni, akakosa la kufanya huko.

Halmashauri ya kijiji ilikutana katika chumba cha nyuma cha hoteli, na kama kawaida palikuwa na kahawa na keki ya plamu iliyookwa na Hedwig Lammers, mkongwe kuliko wote mezani. Irmtraud aliiweka mashine ya kanda katikati ya meza, kando ya keki, akaiwasha.